Uzi: Duka la vitabu la ushirika hapa Tanga, na daftari lililotaka kulizika

#1 MwanaNgamiani

Wakuu, salaam. Wiki jana nimekaa kijiweni na kahawa yangu, jamaa akaniuliza, "Hivi lile duka lenu la vitabu bado lipo?" Nikamwambia lipo. Akacheka, akadhani namtania. Nilipomwonyesha picha ya juzi akageuka mwingine kabisa: "Basi nielekezeni, na sisi kwetu tunalitaka." Nikaona kuliko kumsimulia yeye peke yake, nimwage hapa. Naandikia simu na nina kazi ya watu mchana, kwa hiyo nitakuwa nakuja na kuondoka. Jina la duka silitaji, uzi usije ukageuka tangazo. Wa Tanga mtalijua. Kaeni kimya tu.

Duka lenyewe ni fremu moja pale Ngamiani, kwenye barabara za namba. Lilianza na wenyewe 34. Ni chama cha ushirika kilichoandikishwa, kila mtu kura moja, uwe na hisa tano au hisa hamsini.

Hatukuanza na ndoto yoyote ya kukuza usomaji, msije mkanipamba. Tulianza na nauli. Mpwa wangu yupo kidato cha tatu, mwalimu kawapa orodha ya vitabu vya fasihi. Nimezunguka mjini siku mbili, nimepata kimoja, tena cha kudurufu, kurasa nne zimekuja nyeupe. Vingine viko Dar. Kwenda Dar na kurudi ni kilomita zaidi ya 700, nauli inazidi bei ya vitabu vyenyewe. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi nikauliza nani mwingine anahitaji. Wakajitokeza tisa. Tukachanga, tukatuma hela kwa muuza vitabu wa Dar, boksi likaja na basi mpaka stendi ya Kange, nikalifuata na bajaji. Muhula uliofuata wakawa ishirini na kitu, na sebule yangu ikawa stoo. Mke wangu ndiye aliyesema neno la kwanza la ushirika: "Hivi vitabu vitafuteni pa kukaa, au mimi nitafute pa kukaa."

Narudi jioni.

#2 Jicho la Tatu

Nipo siti ya mbele. Ila mkuu, neno "ushirika" likitajwa mimi nashika mfuko wangu. Babu yangu alikuwa na pamba yake Usukumani, muulizeni ushirika ulimfanyia nini.

#3 Dogo wa Usagara

Naweka kambi hapa.

#4 Mstaafu wa Korogwe

Jicho la Tatu, unachosema kina ukweli lakini tusichanganye mafaili. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, si kwa kura ya wanachama, na kazi zake zikahamishiwa kwenye mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha, na huko nyuma yake kukawa na mengi, wizi ukiwemo. Mimi nimefanya kazi ya ushirika miaka mingi, nimeona vitabu vya hesabu vyenye kurasa zilizonyofolewa. Lakini hapo hapo Tanga wapo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na chama chao kikuu, TDCU, na maziwa yao mnayanywa kila siku kwenye pakiti za Tanga Fresh. Mleta uzi aendelee. Nataka kujua masharti yao, yaani katiba ya chama, yalisemaje.

#5 MwanaNgamiani

Nimerudi. Mzee wangu wa Korogwe, shikamoo. Kwenye masharti ndipo tulipoteseka, na kosa lilikuwa letu.

Tulipokaa kikao cha kwanza, darasani Jumapili moja, walikuja watu 41. Hoja ilikuwa tuwe nini. Kijana mmoja alitaka kampuni, kasema mnasajili kwa BRELA mtandaoni, mmemaliza. Dada mmoja akataka kikundi cha akina mama ili wapate ule mkopo wa halmashauri. Swali la fundi mmoja wa baiskeli, mzee wetu wa Mabawa, ndilo lililomaliza ubishi: "Kwenye kampuni, akija mtu na hela nyingi akanunua hisa nyingi, duka la nani?" Tukamjibu lake. "Na kikundi cha akina mama, mimi nimo?" Humo. "Basi kinachobaki ni kipi?"

Sheria inayotuhusu ni ile ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013. Tukaanza na Afisa Ushirika wa Jiji, akatuelekeza vizuri sana: mkutano wa uanzishaji wenye muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa, kamati ya waanzilishi, andiko la kuonyesha kwamba biashara inalipa, na rasimu ya masharti. Maombi yanaingia kwenye MUVU, mfumo wa mtandaoni wa vyama vya ushirika, yanapita kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, yaani msajili wa vyama. Karatasi zetu zilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu andiko niliandika mimi. Nimezaliwa mji mmoja na Shaaban Robert, kiburi kikanipanda, nikaandika kurasa sita za jinsi kitabu kilivyo taa ya jamii. Afisa akasoma, akavua miwani: "Shairi zuri. Mauzo ya mwezi wa tatu yako ukurasa wa ngapi?"

Hayakuwepo.

#6 Kijana wa Kaole

😂😂 Mkuu nimecheka ndani ya daladala. Endelea, mimi niko Bagamoyo na tuna wazo kama hilo hilo.

#7 Mkaguzi Mdogo

Weka namba sasa. Hisa shilingi ngapi, mtaji ngapi, kodi ngapi. Bila namba hii ni chai.

#8 MwanaNgamiani

Mkaguzi, chai yenye tangawizi hii hapa.

Hisa moja 20,000. Mwanachama lazima anunue angalau tano, anaruhusiwa kulipa kwa awamu kwa miezi minne. Kiingilio 10,000, hicho hakirudi. Kati ya wale 41 wa mkutano waliolipa mpaka mwisho ni 34. Hisa zote 263, yaani 5,260,000, na viingilio 340,000. Jumla 5,600,000. Kwa biashara ya vitabu hiyo ni hela ya kununulia kiberiti.

Fremu 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele: 900,000 imekwenda. Makabati 780,000. Leseni, mashine ya risiti (EFD), taa, nyaya, rangi, na bango lililoandikwa vibaya likarudiwa: 1,150,000. Vitabu vya kununua taslimu 1,900,000. Ikabaki 870,000 ya mzunguko. Vitabu vingine vyote, zaidi ya nusu ya vilivyokuwa kwenye rafu siku ya kufungua, vilikuwa vya mali kauli. Mchapishaji anakupa mzigo, unauza, kila baada ya miezi mitatu unalipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyokwama. Mali kauli ndiyo iliyotuwezesha kufungua mlango, na ndiyo iliyotaka kutuulia humo humo ndani. Nitafika huko.

Hesabu ambayo laiti ningeijua kabla ya kuandika lile shairi ni hii. Kitabu cha 10,000, mchapishaji anakukatia asilimia 30. Cha kwako 3,000. Kodi 150,000, mshahara wa dada wa dukani 180,000, umeme na bando 20,000: jumla 350,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 3,000. Vitabu 117. Kwa siku 26 za kazi ni vitabu vinne na nusu kila siku, mvua inyeshe, jua liwake, na hapo sijatoa nauli ya boksi kutoka Dar. Ukiuza vinne leo, hujapata faida. Umelala na njaa kidogo.

#9 Mkaguzi Mdogo

Sawa, nimeweka chini kalamu. Na mnauza nini hasa? Maana vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu (TET) wameviweka mtandaoni bure.

#10 MwanaNgamiani

Swali zuri. Vya kiada hatutegemei, tunaweka vichache kwa ajili ya mzazi ambaye hataki mtoto ashike simu. Kinachotembea ni vitabu vya fasihi vya sekondari, mitihani iliyopita, kamusi, vitabu vya dini za pande zote mbili, na hadithi za watoto. Hizo hadithi ni za bei ndogo, 3,000 hadi 5,000, mama anatoka sokoni Mgandini na mtoto analia, anamnunulia kimoja kama angemnunulia pipi. Daftari na kalamu tulikataa mwanzoni tukijiona sisi ni duka la vitabu bwana. Mwezi wa nne tukala matapishi yetu. Daftari ndizo zinazolipa umeme.

Riwaya za Kiswahili za watu wazima zilitushangaza. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ilipotoka mwaka uliofuata, watu walikuja kuiulizia ambao kwa macho tu ungesema hawa hawajafungua kitabu tangu shule. Akina baba wa bandarini. Mmoja alinunua, akarudi baada ya wiki kuulizia "kingine cha huyu bwana mdogo." Nikamwambia bwana mdogo huyo kazaliwa 1948. "Kwangu mdogo."

#11 Mama Wawili

Na unyevu je? Mimi vitabu vyangu hapa Raskazone vimeota ukungu vyote.

#12 MwanaNgamiani

Dada, unyevu ni adui lakini anapiga hodi. Mchwa hapigi.

Makabati ya kwanza tulitengeneza ya mbao laini, fundi akayasimamisha kwa kuyagandamiza ukutani yakae imara. Masika ya kwanza, dada wa dukani anatoa kitabu rafu ya chini, jalada linakuja mkononi, kurasa zimebaki ndani. Kaangalia: kimfereji cha udongo, chembamba kama mrija wa soda, kimetoka kwenye ufa wa sakafu, kimepanda nyuma ya kabati, kimeingia kwenye kitabu cha kwanza na kutokea cha kumi na nne. Kwa mstari ulionyooka kabisa. Walipita katikati kama treni. Ukiangalia kwa mbele, migongo yote kumi na nne mizima, majina yanasomeka.

Vilikuwa vya mali kauli. Tulivilipia.

Sasa rafu ya chini ni mabanzi ya mtiki wa Longuza, kule Muheza. Mabanzi ni rahisi kuliko mbao zilizonyooshwa, na moyo wa mtiki mchwa haupendi. Makabati yamesogezwa mbele kiganja kimoja kutoka ukutani, hewa ipite na ufagio upite. Miguu imekaa kwenye vikopo vyenye oili chafu. Havipendezi. Mteja mmoja kaniuliza kama ni vya kutegea panya.

#13 Jicho la Tatu

Mkuu unatuzungusha. Post ya kwanza umesema daftari lilitaka kulizika duka. Mchwa tumemsikia. Daftari liko wapi?

#14 MwanaNgamiani

Jicho, hukai ukasahau wewe. Haya.

Tatizo lilikuwa neno moja: *letu*. Duka letu. Tulilisema kwa raha mno. Mwanachama anaingia, anakuta kitabu anakipenda, mfukoni hana. Anamwambia dada wa dukani, "Niandikie, si duka letu hili." Na kweli ni lake! Dada ni mwajiriwa, huyo aliyesimama mbele yake ni mmoja wa waajiri wake 34. Atamkatalia vipi? Akachukua daftari la kaunta kubwa, akachora mistari, akaanza kuandika. Jina, kitabu, bei, tarehe. Safu ya tano ameandika "Alipe lini", na humo kote kumejaa "mw. mwezi", "mw. mwezi", "mw. mwezi".

Hakuna aliyekusudia kuiba. Wengi walijiona wanalisaidia duka, maana vitabu vinatoka! Kila kikao mwenyekiti anasimama anasema mzunguko ni mzuri, tunapiga makofi.

Mwezi wa nane mchapishaji mmoja akapiga simu. Kwa heshima kabisa, anataka chake, 940,000. Tukafunga duka siku mbili kuhesabu mali. Benki, M-Pesa na droo kwa pamoja zilikuwa na 218,500. Daftari lilikuwa na 1,312,000. Wadaiwa 27.

Kati ya wanachama 34.

Sasa rudini kwenye ile hesabu yangu. Kitabu cha 10,000 kikikopwa kisilipwe, hujapoteza 3,000 yako tu. Zile 7,000 za mchapishaji unadaiwa wewe. Kuzirudisha inabidi uuze vitabu viwili vingine na zaidi kidogo, na faida yake yote uitoe kumlipia mtu aliyelala kwake anasoma. Mwanachama mwenye hisa za 100,000 aliyekopa vya 60,000 anakuwa amechukua mkono wa kushoto zaidi ya nusu ya alichotoa mkono wa kulia, na bado anasimama mkutanoni anauliza gawio.

#15 Mstaafu wa Korogwe

Mwanangu, ugonjwa huu ni mzee kuliko sisi sote. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale kule Uingereza, 28, waliofungua kiduka chao Desemba 1844 na unga, siagi, sukari na mishumaa, waliweka kanuni: taslimu tu. Hawakuiota. Mji huo huo ulikuwa umekwisha kuwa na duka la namna hiyo miaka ya 1830, likafa kwa kukopesha. Na nikuongeze la kukufurahisha wewe mtu wa vitabu: hao hao baadaye walikuwa wanatenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti juu ya duka. Kwanza unga wa taslimu, halafu vitabu.

Ukomo wa madeni mlikuwa mmeweka? Na kamati ya usimamizi ilikuwa inafanya nini miezi minane?

#16 MwanaNgamiani

Ukomo wa madeni tuliuweka wa chama kukopa nje. Wa wanachama kukopa ndani hatukuuwaza, maana tulidhani hatukopeshi. Kamati ya usimamizi mzee wangu... nusu yake ilikuwemo daftarini.

#17 Bi Mkubwa Makorora

Asalaam alaykum. Mie sichangiagi humu, nimetumiwa huu uzi na mjukuu wangu. Mimi ndiye mweka hazina wa hilo duka. Nimesoma yote, ni kweli tupu, sina la kupinga. Ila we mwanangu mleta uzi, mbona hujawaambia na wewe ulikuwemo? Ukurasa wa tatu na ukurasa wa tano. Shilingi elfu themanini na sita.

#18 Kijana wa Kaole

😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

#19 Jicho la Tatu

Mama shikamoo. Leo nimependa ushirika.

#20 MwanaNgamiani

Shikamoo Bi Mkubwa. Nilikuwa nafika hapo mama, haki ya Mungu.

Sikuwa nafika.

Ni kweli, 86,000. Vitabu sita na kamusi. Na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu "chukua tu, tutaelewana". Aibu yake sijaimaliza mpaka leo, lakini afadhali aibu ya humu kuliko ya siku ile. Bi Mkubwa, waeleze mwenyewe ulivyofanya, maana mimi nikieleza nitajipendelea.

#21 Bi Mkubwa Makorora

Sikufanya la ajabu. Vijana walitaka majina yasomwe mkutanoni. Nikasema hapana, sisi watu wa pwani tunasitiriana, ukimfedhehesha mtu mbele ya mkwewe hutamwona tena dukani wala msikitini. Lakini kusitiri siyo kuficha. Nikanunua manila ya bluu, nikaandika majina yote 27 na deni la kila mmoja kwa kalamu ya wino mnene, nikaibandika dukani ukutani imegeuka, maandishi yanaangalia ukuta. Mgongo wake nikaandika: "Jumapili saa kumi jioni nitaigeuza." Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikakaa na mkate wangu wa kumimina nikaangalia. Watu walikuwa wanakuja wanachungulia ubavuni kama majina yanaonekana kwa nyuma. Manila ilikuwa nzito, nilichagua mwenyewe.

Mpaka Jumapili saa tisa walikuwa wamelipa 19, jumla 905,000. Kila aliyelipa nilimkata jina kwa kuingiza mkono nyuma. Huyu mleta uzi alilipa Jumamosi saa nne usiku kwa M-Pesa. Ujumbe aliandika "Samahani mama".

#22 Dogo wa Usagara

Na saa kumi uliigeuza?

#23 Bi Mkubwa Makorora

Niliitoa nikaenda nayo nyumbani. Walikuwa wamebaki wanane, nikawaendea mmoja mmoja. Watano walilipa kidogo kidogo. Wawili walijitoa, tukakata kwenye hisa zao kama masharti yanavyosema, kilichobaki tukawarudishia. Mmoja alifariki, Mungu amrehemu, mkutano mkuu ukamfutia. Alikuwa anadaiwa 14,000. Kitabu mkewe alikirudisha mwenyewe, tukamwambia akae nacho.

#24 MwanaNgamiani

Ndiyo hivyo. Mchapishaji alilipwa chake Jumatano, zikabaki 183,500. Tukaanza upya, na safari hii kwa taslimu. Daftari la mikopo lilifungwa kwa azimio la mkutano mkuu, na Bi Mkubwa ameliweka anapojua mwenyewe.

Badala yake kuna kadi. Unataka kitabu cha 15,000 huna? Unaandikiwa kadi yenye jina lako na la kitabu, unalipa elfu moja moja, mia tano mia tano, dada anagonga muhuri. Kitabu chenyewe kinakaa rafu ya juu kimefungwa lastiki na kikaratasi cha jina lako. Unakiona kila ukipita. Ukimaliza unakichukua. Fundi baiskeli wetu alimaliza kamusi yake kwa wiki kumi na moja, na katika hizo wiki kumi na moja alikuwa anaomba kila siku ashushiwe aangalie neno moja, kisha irudishwe.

Tumepoteza mauzo? Ndiyo, miezi miwili ya kwanza tulishuka vibaya. Wanachama wengine walinuna. "Sasa faida ya kuwa mwanachama ni nini?" Swali la haki. Jibu lake ni kwamba mwisho wa mwaka, ikipatikana ziada, baada ya kutenga akiba, inayogawiwa tunaigawa kwa kuangalia manunuzi. Aliyenunua vya laki mbili taslimu anapata mara mbili ya aliyenunua vya laki moja, bila kujali nani ana hisa nyingi. Mwaka wa kwanza hapakuwa na ziada. Mwaka wa pili ikapatikana ndogo, mtu wa juu kabisa aliondoka na 17,000, na nusu yake aliiacha pale pale dukani.

#25 Mbali na Nyumbani

Nawasoma kutoka Chicago, mzaliwa wa Pangani. Huku kuna duka maarufu mno la vitabu, Seminary Co-op, karibu na chuo kikuu. Lilianza 1961, watu 17, kila mmoja dola kumi. Miaka mingi lilikuwa chini kwenye vyumba vya chini ya seminari, unainama kupita, mabomba juu ya kichwa, na wasomi wa dunia nzima wanalisifia. Lakini mwaka 2019 waliacha mfumo wa kugawa faida wakawa taasisi isiyo ya faida, kazi yake kuuza vitabu basi. Hesabu ya MwanaNgamiani ya 3,000 kwenye 10,000 inawasumbua hata huko kwenye hela. Nawauliza wa Tanga: hamjawaza njia hiyo?

#26 MwanaNgamiani

Kaka, tumewaza, mkutano mmoja mzima. Wengi walikataa, na mimi nilikataa. Pale mfadhili akitoa hela, tunamwangalia mfadhili. Hapa anayetoa hela ni mama wa Makorora, na umeshamwona. Huenda miaka kumi ijayo watakaokuja watabadili, hilo lao.

Kijana wa Kaole, sijakusahau. Bagamoyo mna wanafunzi wa chuo cha sanaa, TaSUBa, mna shule, mna watu wa Dar wanaokuja wikiendi. Nikushauri moja tu: msipange mauzo yenu kwa kutegemea watalii wa Mji Mkongwe wenu. Mtalii ananunua kadi ya posta na kitabu kimoja cha picha kwa mwaka. Anayelipa kodi ya fremu ni mama mwenye watoto watatu Majengo. Na anzeni kama tulivyoanza bila kujua, kwa kuagiza pamoja: mihula miwili ya maboksi, kabla ya kukodi chochote. Mtawajua wanaolipa kwa wakati na wasiolipa, mkiwa bado hamjaandikisha chama nao.

#27 Kijana wa Kaole

Nimeelewa kaka mkubwa. Nakuja PM kwa rasimu ya masharti.

#28 Mstaafu wa Korogwe

Na ukaguzi wa nje? COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika?

#29 MwanaNgamiani

Hesabu zinakaguliwa mzee, na taarifa inasomwa mkutano mkuu, ukurasa kwa ukurasa. Bi Mkubwa hakubali "tuichukulie imesomwa".

#30 Bi Mkubwa Makorora

Sikubali.

#31 Dogo wa Usagara

Mimi nina swali la mwisho. Nipo kidato cha nne, nina miaka 16. Naweza kununua hisa? Nina 20,000.

#32 MwanaNgamiani

Mdogo wangu, masharti yetu yanataka miaka 18, subiri. Hiyo 20,000 fungulia kadi, chagua kitabu. Ila kama Jumamosi una nafasi tuna kazi. Ile baiskeli yenye boksi tunayopelekea vitabu vya watoto uwanja wa Tangamano imekosa mtu wa kusukuma tangu kijana wetu aende chuo. Njoo dukani saa mbili asubuhi. Njoo na pampu, tairi la nyuma linatoa upepo polepole na fundi wetu anasema hajaona pancha ilipo.